Ngara na Biharamulo: Matengenezo Madogo ya Nyumbani, Yapi Ufanye Mwenyewe na Yapi Umwachie Fundi

Mvua za vuli zikianza Kagera, mafundi hawashikiki. Simu inaita bila kupokelewa, au anapokea na kusema "nakuja kesho", na hiyo kesho inafika wiki mbili baadaye. Wakati huo bati linavuja juu ya kitanda na mlango umevimba haufungi.

Kwa wakazi wa Ngara na Biharamulo tatizo linakuwa kubwa zaidi kwa sababu ya umbali. Duka lenye vifaa kamili vya ujenzi, yaani hadiwea, lipo mjini Ngara, Biharamulo mjini au kwenye vituo vikubwa vya barabarani kama Nyakanazi, Benaco na Kabanga. Anayeishi kijijini analipa bodaboda kwenda na kurudi kwa ajili ya rabba moja ya koki. Akisahau kitu, analipa tena.

Kazi nyingi ndogo za nyumbani zinamalizwa na mwenye nyumba ndani ya nusu saa akijua hatua zake. Zipo nyingine zinazoonekana ndogo lakini zinaua. Makala hii inapitia zote mbili.

VIFAA VYA KUWA NAVYO NDANI

Si lazima mtu awe na sanduku kama la fundi. Vitu hivi vinatosha kwa kazi nyingi:

- Nyundo, na koleo la kushikia na kukatia waya
- Bisibisi mbili: ya bapa na ya nyota
- Spana ya kurekebishika (spana malaya, kama mafundi wanavyoiita)
- Msumeno wa chuma na futi ya kupimia
- Mwiko, na brashi ngumu ya waya
- Testa ya umeme
- Tepu nyeupe ya kufungia maungio ya bomba
- Rabba za koki za nusu inchi, angalau nne
- Misumari mchanganyiko na misumari ya bati yenye rabba zake

Viwekwe kwenye ndoo moja yenye mfuniko, mbali na watoto.

BATI LINALOVUJA

Hili ndilo tatizo namba moja. Kosa la kawaida ni kutafuta tundu juu kabisa ya pale maji yanapodondokea. Maji yakiingia kwenye paa hutembea juu ya papi au kenchi, kisha yanadondoka mbali na yalipoingilia. Tundu mara nyingi liko juu zaidi, upande wa kofia ya paa.

Njia rahisi ya kulipata: mchana wa jua kali, mtu mmoja aingie darini au kwenye chumba kisicho na dari, afunge madirisha, atazame juu. Penye tundu panaonekana nukta ya mwanga. Asukume kipande chembamba cha waya kitokeze nje ili aliye juu apaone.

Sababu kubwa ni tatu:

1. Msumari umelegea au rabba yake imekauka na kupasuka. Ng'oa, weka msumari mnene kidogo na rabba mpya. Kwa bati la migongo, msumari unapigwa juu ya mgongo, si kwenye bonde. Bondeni ndiko maji yanakopita.
2. Bati limetoboka kwa kutu. Sugua kutu kwa brashi ya waya, pakausha, kisha bandika utepe wa lami wa kuzibia paa au paka lami ya moto kidogo juu ya kitambaa kigumu. Tundu likizidi upana wa kiganja, kiraka hakidumu, badilisha bati.
3. Mabati hayakupishana vya kutosha, hivyo upepo wa mvua unasukuma maji ndani. Hapa kiraka hakisaidii, panatakiwa fundi apange upya.

Anayepanda juu akanyage pale penye mstari wa misumari, kwa sababu chini yake kuna papi. Akikanyaga katikati, bati linabonyea na kutengeneza uvujaji mpya. Asipande bati likiwa na maji, na ngazi iwe na mtu wa kuishika. Kama kuna radi, hata ya mbali, kazi isimame.

Wakati wa kununua bati jipya, namba ya geji inachanganya wengi: kadiri namba inavyokuwa ndogo ndivyo bati linavyokuwa nene. Geji 28 ni nene kuliko 30, na 30 ni nene kuliko 32. Bei ikiwa ya chini kuliko maduka mengine, muulize muuzaji geji na uangalie maandishi yaliyopigwa kwenye bati lenyewe.

MAJI YA PAA YANAKWENDA WAPI?

Ngara ni ya milima. Nyumba nyingi zimekatwa kwenye mteremko, na maji ya juu yanakuja moja kwa moja kwenye ukuta wa nyuma. Tofali za udongo zikilowa chini, ukuta unaanza kuliwa taratibu kwenye msingi. Siku unapoanguka watu husema "umeanguka ghafla", kumbe ulianza miaka mitatu nyuma.

Kinga yake ni jembe tu. Chimba mtaro juu ya nyumba, upande wa mlima, wa kuyakinga maji na kuyapeleka pembeni. Uwe umbali wa hatua mbili au tatu kutoka ukutani. Udongo uliochimbwa uwekwe upande wa nyumba, uwe kama tuta. Mtaro ufukuliwe kila kabla ya mvua, maana majani na matope huujaza.

Mwenye gata anaweza kupata faida juu yake. Hesabu ni nyepesi: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja ya maji. Paa la mita za mraba 50 likipata mvua ya milimita 20, ni lita 1,000. Mvua moja nzuri inajaza simtanki, ingawa kiasi fulani hupotea njiani. Maji ya kwanza baada ya kiangazi yaachwe yapite, kwa kuwa yanabeba vumbi na kinyesi cha ndege.

NYUFA: ZA KUZIBA NA ZA KUOGOPA

Septemba 10, 2016 tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliukumba Mkoa wa Kagera. Watu walikufa na maelfu ya nyumba zikaharibika, hasa upande wa Bukoba na Missenyi. Tangu hapo ufa ukutani unawapa hofu watu wengi wa mkoa huu. Hofu hiyo si mbaya, lakini si kila ufa ni hatari.

Ufa mwembamba kama unywele kwenye lipu kwa kawaida ni lipu tu iliyokauka haraka. Hauhitaji fundi.

Ufa wa kuangalia ni huu:

- Unaopita ukuta mzima, unaonekana ndani na nje
- Unaopanda kama ngazi kwa kufuata maungio ya tofali
- Ulio mpana juu na mwembamba chini, au kinyume chake
- Unaoanzia kona ya mlango au dirisha na kuendelea kukua
- Unaoingiza ncha ya kidole, au ukuta umeinama upande mmoja

Kujua kama unakua, chora mstari wa penseli kwenye ncha zote mbili za ufa na uandike tarehe. Kisha paka kipande kidogo cha lipu kukatisha ufa, mahali pawili. Baada ya mwezi mmoja tazama. Kiraka kikikatika, ukuta bado unatembea na kuziba ni kupoteza saruji. Mwite mwashi mzoefu au mtaalamu wa ujenzi wa halmashauri aangalie msingi. Kama ukuta umeinama, watu wasilale chumba hicho wakati wa kusubiri.

Ufa uliotulia unazibwa hivi:

1. Upanue kidogo kwa ncha ya patasi ili uwe mpana kwa ndani.
2. Toa vumbi lote kwa brashi.
3. Lowesha kwa maji.
4. Jaza mchanganyiko wa saruji kipimo kimoja kwa mchanga vipimo vinne.
5. Mwagilia maji asubuhi na jioni kwa siku saba.

Hatua ya tano ndiyo wengi wanaiacha. Saruji haiwi ngumu kwa kukauka. Inakuwa ngumu kwa sababu ya maji iliyo nayo. Ikinyimwa maji inapasuka tena.

Kwa ukuta wa tofali mbichi za udongo, saruji peke yake haishiki vizuri. Udongo unavimba na kusinyaa kwa mvua na jua, saruji haifuati, kwa hiyo inabanduka kama ganda. Ufa zibwe kwa udongo uleule uliochanganywa na mchanga na majani makavu yaliyokatwakatwa. Kama lazima pigwe lipu ya saruji juu yake, kwanza pigiliwe waya wa kuku ukutani ili lipu ipate pa kushika.

SARUJI: KIPIMO NI KIPIMO

Mfuko wa kilo 50 una ujazo wa karibu lita 35, yaani ndoo moja ya lita 20 na robo tatu ya ndoo nyingine. Ukijua hilo, mtu hakudanganyi kwenye mchanganyiko. Vipimo vya kawaida:

- Lipu ya ukuta: saruji 1, mchanga 4
- Kujengea tofali: saruji 1, mchanga 6
- Kiraka cha sakafu: saruji 1, mchanga 3
- Zege: saruji 1, mchanga 2, kokoto 4

Mchanga uwe msafi. Jaribio lake: weka mchanga kwenye chupa ya maji, tikisa, acha usiku kucha. Tabaka la tope likikaa nene juu ya mchanga, uoshwe kwanza. Mchanganyiko uliokwisha kulowa utumike ndani ya saa moja hivi. Ukianza kuganda, kuongeza maji si dawa, ni kuuchakachua.

Sakafu iliyochimbika isizibwe juu kwa juu. Chonga shimo lifikie sehemu ngumu, kingo ziwe wima, osha, pakaza uji wa saruji, kisha jaza na kupiga niru. Watu wasikanyage siku tatu.

SAKAFU YA CHOO CHA SHIMO

Kazi hii haipaswi kuahirishwa hata wiki moja. Vyoo vingi vya vijijini vimefunikwa magogo na udongo. Mchwa na unyevu vinakula magogo kutoka chini, juu hakuna kinachoonekana. Anayekuja kugundua mara nyingi ni mtoto.

Dalili: sakafu inabonyea, inatoa mlio wa uwazi ukiigonga kwa fimbo ndefu, udongo unapungua kuzunguka tundu, au magogo yanaonekana yamekuwa laini.

Zikionekana dalili hizo, choo kifungwe siku hiyohiyo. Kuweka ubao juu si matengenezo. Uzito unabaki kwenye magogo yaleyale. Suluhisho ni bamba la zege lenye nondo ndani, linalomwagwa chini pembeni, kumwagiliwa kwa wiki moja, kisha kuhamishiwa juu ya shimo lenye kingo imara. Kingo zikiwa zimeporomoka, chimba shimo jipya na lile la zamani lijazwe.

Na mtu asishuke ndani ya shimo la choo kwa sababu yoyote, hata kufuata simu. Hewa ya mle inaweza kumwangusha kwa dakika chache, na anayemfuata kumwokoa huangukia hukohuko.

KOKI INAYODONDOSHA

Tone moja kila sekunde ni zaidi ya lita 20 kwa siku, ndoo nzima. Kwa anayelipia dira ya maji, hiyo ni hela inayomwagika. Kwa anayechota kisimani kwa mtungi, ni safari ya bure.

Kwa koki ya kuzungusha, tatizo karibu kila mara ni rabba ndani:

1. Funga maji kwenye valvu kuu. Fungua koki mpaka maji yaishe.
2. Kwa spana, fungua nati ya juu kwa kuzungusha kinyume cha saa.
3. Toa kiini cha koki. Chini yake kuna rabba. Kama imekatika au imebonyea, weka mpya ya saizi ileile.
4. Futa mchanga ndani, rudishia, kaza kiasi. Ukikaza kwa nguvu zote utakata nyuzi za nati.

Kama maji yanatoka kwenye ungio la bomba, fungua ungio, safisha nyuzi na zungusha tepu nyeupe mara kumi hadi kumi na tano, kufuata mwelekeo ambao ungio litakazwa. Ukizungusha kinyume, tepu inajikunja na kutoka wakati wa kukaza.

Choo cha kuflashi kinachomwaga maji bila kusimama, fungua mfuniko wa tangi. Inua floti kwa mkono. Maji yakisimama, floti inahitaji kushushwa kiwango. Yasiposimama, rabba ya valvu imekwisha. Kama maji yanavujia kwenye bakuli, rabba ya chini ya tangi ndiyo ya kubadilisha.

Bomba likipasuka kabla ya dira au barabarani, hilo si la mwenye nyumba. Taarifa ipelekwe kwa mamlaka ya maji ya mji, au kwa chombo cha watumia maji cha kijiji kilicho chini ya RUWASA, wakala wa maji vijijini ulioanza kazi mwaka 2019.

MILANGO NA VITASA

Mlango wa mbao ukianza kugoma wakati wa mvua, usikimbilie randa. Mbao imevimba kwa unyevu. Ukiiranda sana Novemba, ikifika Julai utakuwa na upenyo wa kupita panya. Kwanza sugua mshumaa kwenye kingo zinazogusana. Ikishindikana, randa kidogo tu, kisha paka rangi au vanishi pale palipokatwa ili maji yasiingie tena.

Mlango ulioshuka mara nyingi ni skrubu za bawaba ya juu zimelegea. Kama tundu limekuwa kubwa, jaza vijiti vya kiberiti vilivyopakwa gundi ya mbao, acha vikauke, vunja vilivyozidi, rudisha skrubu. Inashika kama mpya.

Kitasa kigumu hakitaki mafuta ya kula. Yanakamata lile vumbi jekundu na kugeuka kuwa uji ndani. Tumia unga wa penseli: sugua ufunguo kwa risasi ya penseli, ingiza na kutoa mara kadhaa.

MCHWA

Njia za udongo zinazopanda ukutani ni barabara za mchwa. Kuzifuta tu hakusaidii, zinajengwa upya usiku. Fuata njia mpaka ilikotoka, weka dawa ya mchwa iliyosajiliwa kwa kufuata maelekezo ya kibandiko, ukiwa umevaa glavu na kuziba pua. Dawa isiwekwe karibu na kisima.

Mambo mengine ya kuzuia: kuni zisirundikwe ukutani, nguzo za mbao zisigusane na udongo bali zikae juu ya zege, na fremu za milango zikaguliwe kila baada ya miezi mitatu kwa kuzigonga. Zikitoa mlio wa uwazi, ndani pameshaliwa.

UMEME: MPAKA WA KAZI YA NYUMBANI

Umeme wa Tanzania ni volti 230. Unaua. Kwa hiyo mpaka uko wazi.

Mwenye nyumba anaweza kubadilisha taa, kubadilisha fyuzi ya plagi, na kufunga plagi mpya ya kifaa ambacho kimechomolewa.

Fundi mwenye leseni ya EWURA ndiye wa kufanya yaliyobaki: kuongeza soketi, kupitisha waya mpya, kubadilisha meni swichi, kutengeneza ethi.

TANESCO ndiyo ya kugusa mita, waya wa kutoka nguzoni na nguzo yenyewe. Mita ya LUKU ni mali ya shirika. Kuifungua ni kosa, hata nia ikiwa njema. Namba ya huduma kwa wateja ni 180.

Kabla ya kugusa chochote, zima meni swichi, si swichi ya ukutani tu. Kisha hakikisha kwa testa.

Rangi za waya nazo zinachanganya. Mfumo wa zamani: nyekundu ni laivu, nyeusi ni nyutro. Mfumo mpya: kahawia ni laivu, bluu ni nyutro. Kijani, au kijani na njano, ni ethi. Nyumba moja inaweza kuwa na mifumo yote miwili kama iliongezwa vyumba. Na fundi mbabaishaji anaweza kuwa alitumia rangi yoyote aliyoikuta, ndiyo maana testa ni lazima.

Fyuzi ya plagi: ampea 3 kwa vitu vidogo kama redio na taa ya mezani, ampea 13 kwa pasi, birika na jiko. Kuweka waya au karatasi ya sigara badala ya fyuzi ni kuondoa kinga iliyopo kati ya hitilafu na moto.

Dalili za hatari zisizosubiri kesho: soketi yenye moto au alama nyeusi, harufu ya plastiki inayoungua, taa zinazopungua kila pasi inapowashwa, breka inayokatika mara kwa mara, na kupigwa shoti kidogo unaposhika koki au bati. Hiyo ya mwisho ina maana umeme umevuja na ethi haifanyi kazi. Zima meni swichi, watu wasiguse bomba, fundi aitwe.

Mtu akinaswa na umeme, asishikwe kwa mkono. Zima meni swichi kwanza. Ikishindikana, msukume kwa mti mkavu ukiwa umesimama pakavu. Moto ukitokea, namba ya Zimamoto ni 114. Maji yasimwagwe kwenye moto wa umeme.

WANAOTUMIA SOLA

Vijiji vingi vya wilaya hizi bado vina nyumba zinazotegemea sola. Matengenezo yake ni mepesi:

- Paneli ifutwe kwa kitambaa cha maji, asubuhi kabla haijapata moto. Vumbi la barabara ya udongo linapunguza chaji sana.
- Iwekwe kwa mwinamo mdogo kuelekea kaskazini, ili mvua iioshe. Kivuli cha mgomba au mwembe hata kwenye kona moja kinapunguza nguvu ya paneli nzima.
- Betri ya maji iongezewe maji ya betri tu. Ya kisima yana madini yanayoiua.
- Vichwa vya betri vikiota unga mweupe, tenganisha waya, safisha kwa maji ya vuguvugu yenye magadi kidogo bila kuyaingiza kwenye betri, kausha, pakaa grisi.
- Betri isiunganishwe moja kwa moja na taa bila chaji kontrola na fyuzi. Na isikae chumba cha kulala, kwani wakati wa kuchaji inatoa gesi inayoweza kulipuka.

MTUNGI WA GESI

Kila mtungi unapobadilishwa, paka povu la sabuni kwenye regyuleta na mpira. Mapovu yakikua, gesi inavuja. Usitumie kiberiti kupima. Ukisikia harufu ndani, funga mtungi, fungua milango, usiwashe wala usizime swichi yoyote. Mpira uliopasuka haufungwi kwa tepu, unabadilishwa.

KUMPATA FUNDI NA KUKUBALIANA

Malalamiko makubwa ya wenye nyumba ni mawili: fundi kula advansi na kupotea, na kazi kurudiwa baada ya miezi michache. Mafundi nao wana lao: kazi inaongezwa kila siku bila hela kuongezeka, na malipo ya mwisho kuzungushwa. Yote yanapunguzwa kwa makubaliano yaliyo wazi mwanzoni.

Kwanza, ona kazi yake ya zamani. Omba akupeleke kwenye nyumba aliyoifanya mwaka uliopita, si ya wiki iliyopita. Lipu mpya zote ni nzuri.

Pili, usidharau fundi asiye na cheti, wala usimwamini mwenye cheti bila kuona kazi. VETA ina utaratibu wa kuwapima na kuwapa vyeti mafundi waliojifunza kazi mtaani, kwa hiyo fundi mzoefu anaweza kuupata. Ila kwa umeme, leseni haina mjadala.

Tatu, tenganisha vifaa na ufundi. Fundi aandike orodha, mwenye nyumba anunue mwenyewe au waende pamoja, na risiti zibaki. Hivyo advansi ya vifaa haipo mkononi mwa mtu.

Nne, lipa kwa hatua. Sehemu kazi ikianza, sehemu ikifika katikati, na iliyobaki ikikaguliwa. Kwa paa, ukaguzi wa kweli ni mvua ya kwanza au ndoo kadhaa za maji. Malipo yapitie simu ili ujumbe ubaki.

Tano, andikeni. Karatasi moja ya daftari inatosha: kazi gani, bei ya ufundi, siku ya kuanza na kumaliza, nani anamlipa saidia fundi, nani anagharamia chakula. Majina, sahihi na shahidi mmoja. Kukitokea ugomvi, mwenyekiti wa kitongoji au wa kijiji ana pa kuanzia kuwasuluhisha, na ikishindikana, Mahakama ya Mwanzo inasikiliza madai ya aina hiyo.

Mama anayeishi peke yake au mzee asiyepanda juu ya paa asione haya kumwita jirani au kijana wa ukoo awepo fundi anapokagua. Kazi ya darini haionekani kutoka chini, na huko ndiko ujanja mwingi unakofanyika.

RATIBA YA MWAKA

- Juni hadi Agosti, kiangazi: paa, gata, nyufa, lipu, rangi, bamba la choo. Mafundi wana nafasi na saruji inafanyika bila kunyeshewa.
- Mwanzoni mwa Septemba: fukua mitaro, osha simtanki, kata matawi yaliyo juu ya bati na karibu na waya. Matawi yanayogusa waya wa TANESCO waachiwe wenyewe.
- Desemba mwishoni hadi Februari, mvua zikipungua: kagua palipovuja, bawaba, mchwa na msingi wa ukuta.
- Machi hadi Mei, masika: matengenezo ya ndani tu, kama koki, vitasa na sakafu. Paa liguswe kwa dharura.

Anayeanza leo na hana hela ya kufanya yote, aanze na vitu vitatu vinavyoweza kuua: sakafu ya choo, umeme unaovuja, na ukuta ulioinama. Bati linalovuja linaweza kusubiri kwa kuwekewa beseni. Hayo matatu hayasubiri.